Fimbo ya pool ya kukaa kwa gari isizidi ngiri tatu

Gari yenyewe ni Probox, na si yangu, ni ya mjomba. Mimi naiendesha Malindi–Kilifi siku nne kwa wiki, napeleka mizigo ya watu, na siku zilizobaki narekodi video zangu. Tangu nitoke chuo maisha yangu ndiyo hayo na sina neno nayo. Lakini kazi ya mizigo ina kitu kimoja ambacho hakuna mtu hukwambia mapema: nusu ya siku ni kungoja. Wafika Kilifi saa nne, mwenye mzigo akwambia "niko njiani", na mwajua "niko njiani" ya Kilifi. Huyo mtu bado yuko kitandani. Basi mimi naenda kucheza pool.

Mnaonifuata mshaiona ile fimbo yangu nyeusi, wengine mwaiita stiki, ni sawa. Wiki hii pekee nimeulizwa mara tatu niliinunua wapi na ni pesa ngapi. Niliinunua Mombasa, elfu mbili mia nane, baada ya kumkalisha mwenye duka nusu saa akinitazama kwa hasira. Na msimamo wangu ni huu: kama wataka fimbo ya kuweka kwa gari, hapa kwetu Pwani, usipitishe elfu tatu. Si kwa sababu huna pesa. Hata kama unazo.

Kwanza, kwa nini uwe na yako? Si fimbo zipo pale pale mezani?

Zipo, lakini ziangalie. Kwenye vibanda vya makuti kuanzia Mtwapa hadi Mambrui utakuta fimbo tatu zimeegemezwa ukutani tangu meza iletwe. Moja haina ngozi kichwani, wanapiga na plastiki tupu. Ya pili ilivunjika ikafungwa na solotepu. Ya tatu ndiyo nzuri, na hiyo imeshikwa na yule jamaa ambaye huwa hatoki mezani. Na zote zimepinda, kwa sababu mbao ukiiegemeza kwa mshazari miezi na miezi, yenyewe inafuata. Unyevu wa bahari unaingia, unatoka, unaingia, na mbao inatanuka na kunywea bila mpangilio. Unalenga shimo la kona, mpira unakwenda kusalimia la katikati.

Ile ngozi ya kichwani watu huidharau, na ndiyo mchezo wote. Zamani Ulaya walikuwa wanapiga na mbao tupu, halafu Mfaransa mmoja anayeitwa François Mingaud, miaka ya mwanzo ya 1800, akajulikana kwa kuweka kipande cha ngozi kwenye ncha. Hapo ndipo mpira ukaanza kutii, ukitaka urudi nyuma unarudi, ukitaka uzunguke unazunguka. Hata choki tunayopaka leo haitokani na chaki ya ubaoni. Wamarekani wawili, William Spinks na William Hoskins, walichukua hataza yake 1897, na ndani yake kuna unga wa silika unaoifanya ngozi ikamate mpira badala ya kuteleza. Kwa hivyo ukipiga na fimbo isiyo na ngozi pale Tezo, umerudi miaka mia mbili nyuma na bado umelipa mbao.

Haya, gari.

Gari hapa kwetu ni tanuri. Msimu wa kaskazi, Januari na Februari, ukifunga vioo saa saba mchana hewa ya ndani inapita digrii 50 bila shida, na dashibodi ni zaidi ya hapo. Jioni ukishuka Watamu ukafungua milango, unyevu wote wa Bahari Hindi unaingia. Mbao haipendi hayo maisha. Ukweli ni kwamba joto peke yake si tatizo kubwa sana. Kinachoipinda fimbo ni kule kukauka na kulowa upande mmoja zaidi ya mwingine, hasa ikiwa imelala vibaya, kichwa juu ya jeki na kitako juu ya gurudumu la akiba. Gundi ya ile ngozi nayo inalainika. Utafika, utafungua, utakuta ngozi imedondoka ndani ya mfuko kama ganda la kidonda.

Ndiyo maana nikaenda kwa faibaglasi. Hizo ni fimbo zenye mbao ndani na koti la faibaglasi nje, au nyingine zimetengenezwa kwa faibaglasi zaidi. Wachezaji wa kweli wanazicheka, wanasema hazina hisia, na nafikiri wana haki. Fimbo nzuri ya mepo au ya ashi inakwambia mkononi umeupiga mpira wapi. Yangu hainiambii kitu, iko kimya kama mtu wa Kilifi aliyedaiwa. Lakini imekaa kwa buti tangu kaskazi iliyopita na bado imenyooka. Tatizo lake ni moja, koti lile likikutana na jasho linanata kwenye vidole. Dawa yake ni poda ya watoto kidogo mkononi. Utachekwa siku ya kwanza, halafu wote watakuomba.

Kama faibaglasi hutaki, chukua ya mbao ya vipande viwili, lakini uikague. Nimeona watu wakinunua fimbo kama wanavyonunua mkate. Ifungue. Kila kipande kiinue hadi jichoni, funga jicho moja, tazama urefu wake kuelekea mwangaza kama fundi anavyotazama boriti. Zungusha pole pole. Kama kuna tumbo utaliona. Ile mbinu ya kuiviringisha mezani ni sawa kwa kuanzia, ila fimbo inapungua unene kuelekea kichwani, kwa hivyo inaweza kudundadunda hata kama haina shida, ama ikaviringika vizuri na maungio yake hayajakaa sawa. Kwa hivyo iangalie vipande vikiwa mbali mbali, halafu iangalie ikiwa imeunganishwa. Ukikuta vipande vimenyooka lakini fimbo nzima imepinda, shida iko kwenye skrubu. Iache hapo hapo, hata akikupunguzia.

Gonga kitako sakafuni kidogo. Ikilia mlio mmoja, sawa. Ikilialia kama sarafu kwenye kopo, kuna kitu kimeachia ndani. Tazama kile kikombe cheupe chini ya ngozi kama kina ufa. Bonyeza ngozi na ukucha. Na skrubu iwe ya shaba nyeupe au ya manjano, usikubali chuma kilichopakwa rangi, kwa sababu chumvi ya hapa itaimaliza kabla ya Pasaka.

Uzito sasa. Wengi hutumia za gramu 510 hadi karibu 600, na urefu ni sentimita 145 hivi. Mimi nilitoka na fimbo hadi duka la jirani nikamwomba dada aniwekee kwenye mizani ya sukari. Mwenye duka la fimbo alinifuata nyuma akidhani naiba. Ilikuwa gramu 540. Alipoona kweli naipima, alinyamaza, na hapo ndipo bei ilipotoka elfu tatu na mia tano.

Kitu ambacho wauzaji hawakwambii ni unene wa kichwa. Meza zetu si sawa. Kuna zenye mipira mikubwa ya namba, ya Kimarekani, milimita 57, na kuna zenye mipira midogo, milimita 51, ile ya nyekundu na njano. Fimbo yenye kichwa cha milimita 13 kwenye mipira midogo ni kama kuandika mtihani kwa kidole gumba. Na ya milimita 9 kwenye mipira mikubwa inataka mkono uliotulia sana, ukikosea kidogo mpira unakwenda zake. Angalia meza unazocheza wewe, si za kwenye video. Mimi nacheza zote mbili kwa sababu ya kazi, nikachukua milimita 11. Haifai sana popote na haiharibu sana popote, na kwa mtu wa barabarani hilo latosha.

Watu wa Malindi, najua mtaniambia kuhusu fimbo za Wataliano. Ni kweli zipo. Kuna wazee wamekaa hapa miaka, wengine wanaondoka na kuuza vitu vya nyumbani, na mara moja moja kunatokea fimbo nzuri ajabu, mbao inang'aa, kwa bei ya kuokota. Nilionyeshwa moja na nikaitamani. Lakini Wataliano wana mchezo wao wa bilyadi, meza haina mashimo, mipira ni mitatu, na katikati kuna vijiti vitano vya kuangusha. Fimbo zao zimetengenezewa huo. Ni ngumu na zinanenepa haraka kutoka kichwani, ukiisukuma kati ya vidole kwa staili yetu inakwama. Kama waipenda kwa urembo, nunua utundike ukutani.

Na wale wa "nitachongesha kwa fundi", nimejaribu kuwaelewa. Mvinje uko kila mahali hapa, na fundi wa kukereza hakosi. Mvinje ni mbao nzuri ya boriti, ni mzito na mgumu, lakini usipokaushwa vizuri unajikunja na kupasuka. Fimbo ya pool inataka mbao iliyokaushwa muda mrefu na kukatwa kufuata nyuzi zake, na hiyo subira fundi wa vitanda hana, maana wateja wa vitanda wanamngoja.

Ya kuhifadhia usinunue. Ule mfuko wa ngozi bandia wa ngiri mbili ni wa kujionyesha. Nenda kwa wanaouza vifaa vya maji, chukua bomba la plastiki la milimita 50, wakukatie sentimita 80, na vifuniko viwili. Vipande viwili vinaingia pamoja ukivigeuza, kitako cha kimoja kuelekea juu na kichwa cha kingine kiwe upande huo huo. Vitambaa vya leso kuukuu katikati visigongane. Bomba lilale sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, ambapo jua halifiki, si kwenye ile sehemu ya nyuma chini ya kioo. Yote ilinigharimu chini ya soo nne. Tatizo la bomba ni kwamba laonekana kama kitu kingine kabisa. Askari mmoja kwenye kizuizi aliniuliza hiyo ni nini, nikamwambia fimbo ya pool, akaniambia fungua pole pole. Nilifungua pole pole sana. Mwisho akaniuliza kama nacheza kwa pesa.

Na hapo ndipo nilitaka kufika, kwa sababu hata mamangu aliuliza swali hilo hilo. Aliiona siku ya kwanza nikiifuta kibarazani.

"Bakora hiyo wampeleka nani?"

"Ya mchezo, mama."

"Mchezo wa pesa?"

"La, mama. Anayeshindwa analipa meza tu."

"Na hiyo ya kulipa meza si pesa?"

Sikumjibu, mama hujibiwi. Lakini tofauti ipo, na nataka niiseme vizuri.

Kwenye meza nyingi zetu, mchezo mmoja ni mbao. Anayeshinda anabaki, anayeshindwa analipa, na foleni inaendelea. Siku mbaya kabisa unapoteza soo na umekaa na watu saa tatu. Hiyo ni bei ya soda mbili. Ukija na fimbo yako mwenyewe, kitu kinabadilika. Ukifungua lile bomba watu wananyamaza kidogo. Wanaona umekuja kikazi. Na ndani ya dakika kumi kuna mtu atasogea na kusema, kwa sauti ya chini, "Broo, tuweke soo?" Usipokuwa na fimbo hakuna anayekuuliza.

Nina rafiki, jina lake halina haja hapa, tuko naye tangu madrasa. Anacheza vizuri kunishinda mimi, na sisemi hivyo kwa upole, ni kweli. Alikuwa anaendesha tuktuk ya mtu Malindi. Mwaka jana alinunua fimbo ya elfu kumi na nne na mia tano. Mepo, kichwa cha tabaka, mfuko wake wa ngozi, kila kitu. Pesa alichukua mkopo kwa simu, ile ya programu inayokupa kwa dakika mbili na kukupigia kwa miezi miwili. Alinionyesha ile fimbo kama mtu anayekuonyesha mtoto wake. Nilicheza nayo. Sijawahi kushika kitu kitamu vile, mpira mweupe ulikuwa unasimama pale pale unapouambia.

Halafu fimbo ikaanza kumdai. Fanyeni hesabu wenyewe. Elfu kumi na nne na mia tano kwa michezo ya mbao ni michezo 725, na ukishinda hupewi mbao, hulipi tu. Hakuna siku fimbo hiyo itajilipa kwenye foleni ya kawaida. Kwa hivyo akaanza kuweka soo. Alishinda. Akaweka soo tano. Alishinda tena, wiki nzima, na akanitumia picha ya pesa. Kisha akaja jamaa kutoka nje ya mji, aliyekuwa akicheza ovyo kwa siku mbili na fimbo ya pale pale ukutani. Siku ya tatu wakaweka ngiri. Mwajua mwisho wake, huo mchezo wa kujifanya mjinga uko kila mahali duniani penye meza. Usiku ule aliweka hadi hesabu ya mwenye tuktuk. Kesho yake alipeleka pungufu, keshokutwa hakupeleka, na siku ya nne tuktuk ilichukuliwa. Sai yuko kwenye machimbo ya mawe, anabeba.

Sisemi fimbo ya bei ndiyo iliyomfanya hivyo. Yeye mwenyewe hasemi. Lakini nilikuwepo, nilimsikia mara kumi akisema "lazima irudishe pesa yake", na sijawahi kusikia mtu akisema hivyo kuhusu fimbo ya elfu mbili mia nane. Yangu ikivunjika leo, ikiibiwa, ikiyeyuka kwa jua la Gongoni, nitaumia jioni moja. Naweza kumkopesha mtoto wa watu aivunjie mbuni. Nikiulizwa "tuweke soo?" najibu "mimi nacheza meza tu", na sina kitu ndani kinachonisukuma kusema vingine, kwa sababu hakuna deni linalonisubiri kwenye simu.

Kuna mtu ataniambia, "Lakini fimbo ya bei inakufanya mchezaji bora." Mwambieni apite Mtwapa. Kuna dada pale anacheza na fimbo yoyote iliyobaki, hata ile ya solotepu. Anaichukua, anaitazama mara moja kujua imepinda upande gani, anaizungusha hadi ule upinde ulale juu au chini badala ya kando, halafu anawafagia watu wazima mmoja mmoja huku anaongea kwa simu. Niliporekodi alinikataza nisionyeshe uso wake, kwa hivyo mliiona mikono tu. Ile mbinu ya kuzungusha nimeichukua kwake, na inasaidia kuliko ngiri kumi.

Walio chini ya miaka 18, najua mko hapa, nyingi ya hizi meza ziko kwenye baa na sheria ya vileo ya 2010 haikuruhusu kuingia, na hata kwa wakubwa baa za kawaida zinatakiwa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi. Mimi mchana nacheza kwenye vibanda vya soda. Vipo, ulizia watu wa bodaboda.

Ule mfuko wa ngozi na ile fimbo ya rafiki yangu vinauzwa. Aliniomba nimtafutie mteja, anataka elfu tisa, na mkopo umebaki karibu hiyo hiyo. Aliniambia nichukue mimi kwa elfu sita, kwa sababu najua thamani yake. Nimekataa. Ila nimemwambia nitampeleka Mombasa Jumamosi bila nauli, kuna ukumbi mmoja wenye meza nzuri, wachezaji wao watailipia vizuri. Kama uko huko na waitaka kweli, ya kwako ya kuweka nyumbani na si kwa gari, niandikie. Ni sentimita 147, gramu 550, kichwa milimita 12 na nusu, na haijapinda hata kidogo, nimeitazama mwenyewe kwenye mwangaza.